Makumbi Upande wa Macheo

Kirongwe,
4 Juni 2024.

Kwa Afisa Mipango Miji,
Halmashauri ya Wilaya,
Kilindoni.

YAH: PINGAMIZI LA MCHORO WA VIWANJA KWENYE SHAMBA LA MZEE MANSURI AZAN

Assalaam alaykum.

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Darasa la saba tulifundishwa kwamba barua ya serikali huanza hivyo, nami nimeanza hivyo. Sasa niache niseme.

Mchoro wako umebandikwa ubaoni ofisi ya kata tangu wiki iliyopita. Nimekwenda kuutazama mara tatu. Mara ya kwanza nilisahau miwani. Mara ya pili mtendaji alikuwa ameufunika kwa tangazo la chanjo ya kuku. Mara ya tatu nikauona vizuri, na haki ya Mungu ni mchoro mzuri. Mistari imenyooka, barabara zimepishana kama ukili, shule ina mahali pake na msikiti una mahali pake. Viwanja sabini na viwili nimevihesabu kwa kidole mpaka mtendaji akanipa kiti. Aliyeuchora ana mkono.

Lakini hana miguu. Angekuja kwa miguu angekiona kisima cha Mkwajuni, tunapoteka maji kaya mia na zaidi, kiangazi na masika, na maji yake ni matamu wakati visima vingine vina chumvi. Wewe umekiweka kama doa la kalamu. Upande wake wa macheo, jua linakochomoza, umepanga viwanja kumi na nane, kila kiwanja na nyumba yake, kila nyumba na choo chake. Upande wa machweo, ambako hakuna neno, umeacha patupu ukaandika "eneo la wazi". Baba, umekilaza kijiji mzungu wa nne, kichwa kwenye miguu.

Maji ya Mkwajuni yanatoka macheo. Mchoro ugeuzwe. Napinga mpaka ugeuzwe.

Mize Shamte,
mke wa Suleimani, msokota kamba.

*

Kilindoni,
11 Juni 2024.

Bi. Mize Shamte,
Kirongwe.

YAH: PINGAMIZI LAKO LA TAREHE 4 JUNI

Pingamizi lako limepokelewa ndani ya muda uliowekwa na litawasilishwa kwenye mkutano wa hadhara utakaofanyika ofisi ya kata, Alhamisi tarehe 11 Julai, saa nne asubuhi.

Ofisi inapenda kukujulisha kwamba kisima kimezingatiwa. Kimewekewa duara la mita sitini pande zote ambamo hakuna choo kitakachoruhusiwa. Viwanja kumi na nane ulivyovitaja viko nje ya duara hilo. Mwombaji, Mzee Mansuri, ametimiza masharti yote. Ili mchoro ubadilishwe, mkutano utahitaji ushahidi wa kitaalamu, au wa mtu aliyeshuhudia kwa macho yake, kwamba uchafu unaweza kufika kisimani kutoka nje ya duara. Maneno ya "inasemekana" hayatatosha.

Nakutakia utekelezaji mwema.

Sadick Kheri,
Afisa Mipango Miji.

(Kwa mkono: Mtendaji ameniambia alivyocheka aliposoma kwamba sina miguu. Ninayo, Bi. Mize. Ila nina miezi minne tu hapa Mafia, na nimekulia Morogoro mjini, maji nayajua kwa bomba.)

*

Kirongwe,
15 Juni 2024.

Bwana Sadick,

Marahaba, ingawa hukuniamkia.

Duara lako nimelisoma. Ni duara la haki, limegawa sawa kila upande. Tatizo maji hayaji sawa kila upande. Kaa nikusomeshe, mwanangu, kuuliza si ujinga.

Sisi wanawake wa hapa kazi yetu ni kamba. Kamba hutoka kwenye usumba, na usumba hutoka kwenye makumbi, lile ganda la nje la nazi. Makumbi hayapigwi makavu. Unachimba shimo penye majimaji, unayafukia, unayaacha miezi yaoze, ndipo unayafukua na kuyapiga kwa kigogo mpaka yatoe nyuzi. Wenzetu wa pwani hufukia kwenye tope la bahari. Sisi tulio ndani tunafukia bondeni. Na makumbi yanapooza, Mungu anisamehe, harufu yake inamtoa shetani pangoni. Maji yake ni meusi kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni.

Kwa hiyo kila mwari wa hapa, kabla hajafundishwa habari za mume, hufundishwa hili: makumbi hayafukiwi macheo ya kisima. Hata kwa hatua mia, hayafukiwi. Upande wa machweo fukia hata hatua thelathini, kisima hakitajua kama upo duniani. Bibi zetu hawakuwa na duara. Walikuwa na pua.

Unataka ushahidi? Mwaka 1993, masika yakiisha, kulikuwa na mke wa mtu hapa, mgeni, mtu wa Bwejuu, kile kisiwa kidogo cha ng'ambo. Hakuyajua ya kwetu, akafukia macheo, mbali kabisa na hilo duara lako. Siku ya kumi na tisa kisima kikanuka. Miezi miwili tulikuwa tunafuata maji mpaka miguu inaota sugu. Watoto waliharisha. Mmoja alipelekwa hospitali akiwa analia bila machozi, na alhamdulillahi akapona.

Ushahidi ndio huo. Ufikishe mkutanoni.

Mize Shamte.

*

Kilindoni,
24 Juni 2024.

Bi. Mize, shikamoo.

Leo nimeanza na salamu.

Jumamosi nilikuja Kirongwe kwa miguu, maana pikipiki niliiacha ofisi ya kata makusudi. Nyumbani kwako nilimkuta Mzee Suleimani kibarazani, akaniambia umekwenda mazikoni. Nilikaa kisimani tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Akina mama walinicheka, kisha wakanihurumia, kisha wakanipa kazi ya kuvuta ndoo. Mikono yangu ina malengelenge mpaka sasa.

Halafu nilizunguka shamba lote. Upande wa machweo nilihesabu mashimo ya makumbi thelathini na saba. Upande wa macheo sikukuta hata moja. Hata moja, Bi. Mize! Hakuna ubao, hakuna askari, hakuna faini, na kaya mia zimetii. Nilikaa chuo miaka minne kujifunza namna ya kupanga matumizi ya ardhi, na hapa nimekuta ardhi imepangwa zamani na watu wanaoshika mpango wao. Nilisimama pale nikaona haya na furaha kwa pamoja. Kama ningekuwa na kofia ningeivua.

Nimemweleza Mzee Mansuri. Si mtu mbaya, amenisikiliza mpaka mwisho. Akasema mila anaiheshimu lakini mila si ushahidi. Akasema, "Nionyeshe shimo moja lililokuwa nje ya duara likachafua kisima, nami nitageuza shamba langu bila kusukumwa." Mimi naona amesema haki.

Mwenyekiti wa kijiji amenipa jina la yule mgeni. Anaitwa Bi. Somoe, na alikuwa mke mwenzio, Mzee Suleimani akamwacha kwa ajili ya jambo hilohilo. Hukuniambia. Nimeelewa, ni mambo ya nyumbani. Lakini yeye ndiye anayejua shimo lilipo, kwa hiyo jana nimempelekea barua Bwejuu nikimwomba aje kutuonyesha.

Jambo moja limenishangaza. Kila niliyemuuliza anaikumbuka harufu. Hakuna anayekumbuka kwamba ilikuwa siku ya kumi na tisa. Wewe tu. Una kichwa cha ajabu.

Wako mtiifu,
Sadick Kheri.

*

Kirongwe,
26 Juni 2024.

Sadick,

Irudishe hiyo barua. Kama mashua haijaondoka, nenda kaichukue. Mtu ameachwa, amerudi kwao, ameishi kwa amani miaka thelathini na moja, leo serikali inamfuata na karatasi kumuuliza habari za makumbi? Hamna adabu?

Tafuta ushahidi mwingine. Leta wataalamu. Leta mitambo. Somoe muache.

Mize.

*

Kilindoni,
30 Juni 2024.

Bi. Mize, shikamoo.

Nisamehe, barua ilikuwa imeshafika, na majibu yamerudi haraka kuliko nilivyotegemea. Nayanakili yote, si marefu:

"Kwa Bwana Mipango. Sikufukia mimi. Nilisema hivyo mwaka ule na nasema hivyo leo. Siwezi kuonyesha shimo nisilolichimba. Muulizeni aliyefukia. Somoe."

Basi. Nimeisoma mara kumi. Inawezekana anaona haya, lakini mtu anayeona haya huandika zaidi ya hapo.

Wataalamu wa kupima maji hawapatikani kabla ya mwezi wa kumi, nimeulizia mpaka mkoani. Bila shahidi, Alhamisi ya tarehe 11 mchoro utapita kama ulivyo na mimi ndiye nitakayeugonga mhuri. Sitalala usingizi mzuri, lakini nitaugonga, kwa sababu sina cha kumwambia Mzee Mansuri. Kama kuna mtu yeyote anayejua, Bi. Mize, hata kwa kumbukumbu ya mbali, nakuomba umtafute.

Sadick Kheri.

*

Kirongwe,
3 Julai 2024.

Mwanangu Sadick,

Nilifukia mimi.

Nimeliandika hilo kwanza nisije nikalizungusha. Nimekaa na kalamu tangu juzi, nachana karatasi tu.

Nilikuwa na miaka ishirini, mimba ya miezi saba, mke wa pili wa Suleimani, mwaka wa kwanza wa ndoa. Somoe alikuwa mkubwa wangu. Ungetegemea niseme alinitesa, eti mke mwenza. Hakunitesa. Aliniachia chumba chenye dirisha. Alinifundisha kusokota kamba nyembamba ya kuwambia vitanda, ambayo mpaka leo ndiyo inanilisha.

Siku ile alinipa magunia mawili ya makumbi niyapeleke bonde la machweo. Jua lilikuwa la kupasua kichwa, na miguu yangu ilikuwa imevimba, viatu havinitoshi. Nilipofika penye mikorosho, macheo ya kisima, nikakuta pana majimaji maana masika yalikuwa yametoka kuisha. Nikajisemea, kisima kiko mbali, nani atajua? Nikayafukia. Mimi, mzaliwa wa Kirongwe, niliyefundishwa na mama yangu na nyanya yangu! Jioni Somoe akaniuliza kama nimefika. Nikasema nimefika.

Kisha nikaanza kuhesabu. Kila asubuhi nikiteka maji nanusa ndoo kabla ya kujitwika. Siku ya kumi na tisa ndoo ikanijibu. Ndiyo maana naijua siku. Kichwa changu si cha ajabu, ni roho mbaya tu inayokumbuka.

Wazee walipokaa kikao hakuna aliyenitazama mimi. Walimtazama Somoe. Yeye ni mgeni, mtu wa kisiwani, na kwao makumbi hufukiwa popote penye tope. Wiki zile ni nyumba yetu tu iliyotoka kufukia makumbi, hilo lilijulikana. Alisema, "Si mimi." Alisema mara moja, akanigeukia, nami nikaangalia tumbo langu. Hakunitaja, Sadick. Alijua magunia alimpa nani, na hakunitaja, na mpaka leo sijui kwa nini. Suleimani akamwacha kabla ya Ramadhani. Nilimfungia mizigo yake kwa kamba niliyoisokota mwenyewe, na yeye akaisifu kwamba imekaza vizuri.

Kwenye barua yangu nilikuandikia "mgeni hakuyajua ya kwetu". Unaona ulimi ulivyozoea? Hata nikiwa peke yangu na karatasi, bado nilimtupia yeye. Na wewe nilikuita mgeni usiye na miguu. Mgeni hakukosea. Mwenyeji ndiye aliyekosea, tena kwa kujua.

Kisima kilijisafisha chenyewe kiangazi kilipokaza, lakini makumbi yako palepale. Sikuthubutu kuyafukua, maana mwenye kufukua ndiye mwenye kufukia.

Suleimani yuko hai, ana miaka sabini na mmoja, hapa ninapoandika namsikia anakohoa kibarazani. Hajui. Nikisimama mkutanoni nitasimama mbele yake, na mbele ya mwanangu Zuena aliyekuwa tumboni siku ile, na mbele ya wanawake ninaowafundisha mabinti zao kwamba macheo hapafukiwi. Nikinyamaza, mchoro unapita, na wajukuu wangu watakunywa vyoo vya watu. Nimekwama, mwanangu. Naogopa.

Mize.

*

Kilindoni,
5 Julai 2024.

Mama yangu Mize, shikamoo.

Nimeisoma barua yako nikafunga mlango wa ofisi. Sijamwambia mtu na sitamwambia.

Kwa kuwa umeniambia lako, nikwambie langu. Ule mchoro unaousifu niliuchora kwa picha ya satelaiti, nimekaa hapa Kilindoni chini ya feni. Duara la mita sitini nililiweka kwa kubofya mara moja. Kirongwe nilikuwa sijafika hata kwa bahati mbaya. Nilipokujibu kwamba "kisima kimezingatiwa" nilikuwa sijawahi kukiona. Nilijua kabisa kwamba napaswa kufika kwanza, nikasema moyoni kwamba nani atajua. Kwa hiyo mimi siwezi kukunyooshea kidole.

Nimefikiri njia moja. Unionyeshe mahali, nije nichimbe, niandike "ofisi imebaini". Lakini Mzee Mansuri ataniuliza ofisi imebaini kwa nani, na imejuaje kwamba makumbi hayo ni ya mwaka ule, na harufu ilichukua siku ngapi kufika. Sitakuwa na jibu. Sitaki kukudanganya kwamba njia hiyo inatosha. Mwenye majibu ni wewe.

Hata hivyo sikuombi usimame. Nasema kweli. Ukibaki nyumbani siku ile, hakuna barua yako itakayotoka kwenye droo yangu, na heshima yangu kwako haitapungua hata tone. Mtu aliyeweza kuandika neno la kwanza la barua ile ameshafanya jambo ambalo mimi sijaliweza mbele ya bosi wangu.

Alhamisi, saa nne.

Sadick.

*

Kilindoni,
13 Julai 2024.

Mama Mize, shikamoo.

Uliondoka kabla ya mwisho, kwa hiyo nakuandikia mwisho.

Ulipotuongoza wote kutoka ofisi ya kata mpaka shambani, ukagusa ardhi kwa kidole cha mguu ukasema "hapa", ukashika njia ya nyumbani, watu walikufuata kwa macho mpaka ulipopotea kwenye mikorosho. Kisha vijana wakachimba. Mita ya kwanza hakuna kitu ila udongo ulioletwa na mvua za miaka yote. Nikawaambia waendelee. Mita moja na robo, jembe likazama kwenye kitu laini, na harufu ikapanda. Ee bwana wee! Mzee Mansuri alirudi nyuma hatua kumi na kanzu yake puani. Miaka thelathini na moja, na bado!

Magunia mawili kamili, kama ulivyosema. Tukapima kwa kamba mpaka kisimani: mita mia moja na nne. Bibi mmoja akachukua kumbi moja akaligonga juu ya jiwe, nyuzi zikatoka nzima. Akazinyoosha akasema, "Bado zinafaa." Hakuna aliyecheka.

Mzee Mansuri akarudi, kanzu bado puani, akasema, "Niliomba shimo, nimepewa shimo. Geuzeni." Basi. Viwanja vyote kumi na nane vimeondoka macheo. Tisa vimehamia machweo, tisa vimefutwa kabisa, na shamba lote kati ya kisima na mikorosho limeandikwa "hifadhi ya kisima". Duara nimelichora upya jana kutwa. Si duara tena, ni umbo la yai, refu upande maji yanakotoka. Naliangalia nalipenda kuliko kitu chochote nilichowahi kuchora.

Sasa habari yako. Nimeshahudhuria mikutano mingi. Nimeona watu wakilia ili waonewe huruma, nimeona wakiapa kwa Msahafu juu ya uongo mtupu. Sijawahi kuona mtu akisimama kama ulivyosimama. Hukulia. Hukusema ulikuwa mtoto, hukusema ulikuwa na mimba mpaka ulipoulizwa. Ulisema, "Ni mimi, Somoe hakunitesa na hakufukia," ukaanza kueleza njia uliyopita. Mimi mtoto wa watu nilijikuta nimesimama, na sikumbuki nilisimama saa ngapi.

Nina swali. Muhtasari wa mkutano utabandikwa ubaoni na nakala itakwenda mkoani. Naweza kuandika "shahidi mmoja" bila jina. Inaruhusiwa. Nifanyeje?

Sadick.

*

Kirongwe,
18 Julai 2024.

Mwanangu Sadick,

Marahaba.

Usifute. Andika jina langu lote, Mize binti Shamte, mke wa Suleimani. Na andika hivi: Somoe hakufukia. Maneno hayo mawili uyape mstari wao peke yao, yasibanwe na mambo ya mita. Kisha upige mhuri, umpelekee nakala Bwejuu. Alisingiziwa mbele ya watu, asafishwe mbele ya watu. Kama kuna nafasi chini, mwulize kwa nini hakunitaja. Mimi sina uso wa kumwuliza.

Unataka kujua hali, najua, ila una adabu huulizi. Suleimani hasemi nami. Leo siku ya saba. Anakula nikipika, akitaka maji anaonyesha kata ya kuchotea. Jana baada ya alasiri alisema neno moja tu, "Somoe," akitazama uani, akaingia ndani akalala kitandani hali ya kuwa jua bado liko juu. Nilisimama mlangoni, sikujua niingie au nisiingie. Nikaingia, nikakaa miguuni pake. Hakunifukuza.

Zuena alilia. Kisha akaniuliza, "Mama, kwa hiyo mimi tumboni ndiye niliyekuokoa, wasikushuku mwenye mimba?" Nikamwambia ndiyo, na lisimtie kiburi.

Kisimani wanawake wananipisha foleni. Nikifika wanasogea, natangulia kuteka. Sijui ni heshima au ni kunikwepa. Mimi nateka, nawashukuru, naondoka. Niombee iwe heshima.

Na hilo yai lako nimekwenda kulitazama ubaoni. Nilikuwa na miwani. Mtendaji hakulifunika na kitu. Mashaallah, Sadick. Ule wa kwanza ulikuwa mzuri, huu una akili. Nimewaambia wote waliokuwa pale kwamba aliyeuchora ana mkono na miguu yote miwili.

Mama yako,
Mize binti Shamte.

*

Bwejuu,
4 Agosti 2024.

Bwana Sadick,

Wa alaykumu salaam. Karatasi imefika, na mhuri wake, na barua yako.

Niliisoma mwenyewe kwanza. Kisha Ijumaa nikampa ndugu yangu Zubery akaisoma kwa sauti baada ya swala, nje ya msikiti, mahali ambapo marehemu baba yangu mwaka ule aliona haya kupita. Ule mstari wenye jina langu aliusoma mara mbili. Nilimwambia ausome mara mbili. Watu wakanizunguka wananiuliza najisikiaje. Nilijisikia njaa. Nikaenda nyumbani nikala sahani mbili za wali, nikalala mchana kutwa.

Umeniandikia kwamba Mize ni mwanamke jasiri na kwamba hujapata kuona mfano wake. Sikatai. Kusema "ni mimi" mbele ya mume wako na mwanao na kijiji kizima, baada ya miaka yote hiyo, bila kushikwa na mtu, mimi nisingeweza. Nimekaa nimelifikiri, nisingeweza. Lakini usimsifu sana, namjua, atavimba kichwa.

Anauliza kwa nini sikumtaja. Karatasi yako imeandika kwamba alisema mbele ya mkutano, "Somoe hakunitesa." Basi Mize hajui mpaka leo. Siku ile nilimwona miguu ilivyovimba. Niliona jua lilivyo. Palikuwa na gunia moja la kupelekwa, nami nikaongeza la pili, na kijana wa kulibeba alikuwepo, nikamwambia aende zake. Mume alikuwa amemnunulia Mize khanga mbili, mimi moja. Nilikuwa na wivu, bwana wewe, mke mwenza ni mke mwenza. Nilitaka achoke. Kwa hiyo waliponitazama kikaoni nikasema si mimi, na ilikuwa kweli, lakini kumtaja yeye mdomo ulikataa. Nilijua nani aliyemchosha hata asifike bondeni.

Hilo usiliandike kwenye muhtasari wako, wala usimwambie. Nitamwambia mimi.

Mwambie hivi tu: asitume barua, asitume salamu, asitume karatasi ya serikali. Aje mwenyewe. Mashua hutoka Kilindoni Jumanne. Aje nimgombeze mpaka nitosheke. Kisha nitampa zamu yake anigombeze na mimi. Tukimaliza tutakula.

Somoe.